Tahoe hakuwa chifu, na bonde la Olimpiki ya 1960 haliitwi tena Squaw Valley

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nisahihishe mambo matatu yaliyochapishwa katika makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu mahali palipowahi kufanyika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Makala yenyewe ilikuwa na manufaa, na niliikata nikaibandika kwenye ubao wa darasa ninalofundisha jiografia hapa Mwanza. Lakini kabla ya kuibandika ilinilazimu kuchukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya sentensi tatu. Ya kwanza ilieleza kwamba michezo ya mwaka 1960 ilifanyika California, Marekani, katika kituo cha kuteleza kwenye theluji "kinachoitwa" Squaw Valley. Ya pili ilidai kwamba jina hilo lilitolewa na "Wahindi Wekundu" wenyewe, kwa maana ya bonde la mwanamke. Ya tatu ilisema kwamba Ziwa Tahoe, lililo jirani na kituo hicho, lilipewa jina la chifu wao mmoja wa zamani. Ukweli ni kwamba kituo hicho hakiitwi hivyo tangu mwaka 2021, wenyeji hawakulitoa jina hilo, na Tahoe hakuwa mtu.

Nimeona niandike kwa urefu badala ya kutuma ujumbe wa mistari miwili kwa sababu niliwahi kuishi Reno, katika jimbo la Nevada, kwa miaka miwili ya masomo, na ziwa hilo lilikuwa mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka nilipopanga chumba. Isitoshe, maisha yangu mengine yote nimeyaishi kando ya ziwa ambalo nalo lilibandikwa jina la mtu asiyewahi kulitia machoni.

Nianze na ziwa lenyewe. Tahoe liko juu katika milima ya Sierra Nevada, mita 1,897 kutoka usawa wa bahari, na mpaka wa majimbo ya California na Nevada unapita ndani ya maji yake. Lina urefu wa kilomita 35 na upana wa kilomita 19, kwa hiyo mvuvi wa Ukerewe angeliona kama ghuba tu. Lakini kina chake kinafika mita 501, ilhali Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 na ushee. Maji yake ni ya buluu nzito, na ukisimama ufukweni asubuhi isiyo na upepo unaweza kuyahesabu mawe ya chini moja moja. Wenyeji wa hapo ni Wawasho, ambao wameishi katika milima hiyo na mabonde yake kwa maelfu ya miaka, wakipitisha majira ya baridi katika mabonde ya chini upande wa mashariki na kupanda ziwani theluji inapoyeyuka, kuvua samaki, kukusanya mbegu na mizizi, kuoana na kusuluhishana. Kwao ziwa hilo ni kitovu cha dunia.

Jina walilolipa ni da'aw. Hutamkwa kwa kukata pumzi kooni katikati ya neno, na sauti yake ya mwanzo ni nyepesi kiasi kwamba masikio yaliyozoea Kiingereza yaliisikia kama t. Humo ndimo ilimotoka Tahoe. Na maana ya da'aw ni ziwa. Haikutajwa sifa yoyote wala kisa, na hakuna mtu aliyetukuzwa. Ni ziwa, basi. Upande wa kusini-magharibi kuna mlima mrefu uitwao Tallac, ambao unaonekana kutoka karibu kila ufukwe wa ziwa hilo, na jina lake nalo ni neno la Kiwasho lenye maana ya mlima. Kwa hiyo mgeni anayesema "Ziwa Tahoe na Mlima Tallac" anasema, bila kujua, ziwa ziwa na mlima mlima.

Wanafunzi wangu walicheka nilipowaeleza haya, wakauliza inakuwaje watu waishi kando ya ziwa maelfu ya miaka na wasilitafutie jina. Nikawauliza wao wanatoka wapi. Wakajibu: Kanda ya Ziwa. Nikawauliza ni ziwa gani. Darasa likanyamaza kidogo, kisha wakaanza kuelewa. Katika nchi yenye Tanganyika, Nyasa, Rukwa, Eyasi na mengine, mtu akitaja Kanda ya Ziwa hakuna anayemwuliza ni lipi, kwa sababu anayeishi kando ya maji makubwa hana haja ya kuyatofautisha na mengine. Nyasa lenyewe ni neno la Kiyao kwa maana hiyohiyo ya ziwa, na Nyanza ni neno la wenyeji wa pande zetu kwa maji makubwa. Jina la namna hiyo hutolewa na mtu aliye nyumbani kwake. Anayehitaji jina la kipekee, la kumtofautishia ziwa hili na lile, ni mpita njia mwenye ramani.

Mpita njia wa Tahoe alikuwa John C. Frémont, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa akitafuta njia ya kuvuka milima kuingia California katikati ya majira ya baridi, watu wake wakiwa wamechoka na kula wanyama wao wa mizigo. Tarehe 14 Februari 1844 alipanda kilele kimoja pamoja na mchoraji wake wa ramani, Charles Preuss, na kwa mbali akaliona ziwa. Katika taarifa yake aliliita tu ziwa la mlimani, na laiti angeishia hapo, kwa sababu alikuwa amekaribia kabisa, pasipo kujua, kusema walichosema wenyeji. Baadaye likaingizwa kwenye ramani kwa jina la Bonpland, kwa heshima ya Aimé Bonpland, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyesafiri Amerika ya Kusini pamoja na Alexander von Humboldt. Bonpland alikuwa msomi wa kuheshimika, lakini hakuwahi kufika huko. Miaka 14 baada ya Frémont, yaani mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika karibu na hapa ninapoandikia barua hii, akalitazama ziwa ambalo Waganda waliliita Nalubaale na Wajaluo wakaliita Nam Lolwe, akaliandika Victoria. Desturi ilikuwa moja katika mabara mawili.

Jina la Bonpland halikushika. Mapema katika miaka ya 1850 ziwa likapewa jina la John Bigler, gavana wa tatu wa California, aliyekuwa madarakani kuanzia mwaka 1852 hadi 1856. Huyu alikuwa mwanasiasa hai mwenye chama na wapinzani, na hapo ndipo ubaya wa kuyapa maji jina la mkubwa wa wakati huo ulipojidhihirisha, kwani mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza mwaka 1861 Bigler alionekana kuwa na huruma na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, na watu wa upande wa Muungano wakaona aibu ziwa lao zuri kuendelea kubeba jina lake. Mwaka 1862 mchoraji ramani William Henry Knight aliliacha jina la Bigler katika ramani aliyokuwa akiiandaa, na kwa pendekezo la mwenzake, Henry DeGroot, akaandika Tahoe.

Naomba wasomaji watambue kwamba Wawasho hawakuulizwa hata hapo. Neno lao lilirudishwa kwenye ramani kwa sababu ya ugomvi wa weupe kwa weupe, na wapo waliolichukia hata baada ya hapo. Mark Twain, aliyeishi Nevada miaka hiyohiyo na kupiga kambi ziwani, alilidhihaki jina hilo hadharani na kudai kuwa maana yake ni supu ya panzi, madai yasiyo na ukweli wowote bali dharau kwa wenyeji na vyakula vyao. Bunge la California nalo halikukubali kushindwa: mwaka 1870 lilipitisha sheria kwamba jina halali la ziwa ni Bigler. Sheria hiyo ilikaa katika vitabu hadi mwaka 1945, ilipofutwa na Tahoe likahalalishwa. Kwa miaka 75 serikali ya jimbo ilikuwa na jina lake kwenye karatasi, na kila mwenye mashua, kila mwenye hoteli, kila aliyekwenda kuogelea, akawa anasema Tahoe.

Huyo chifu aliyetajwa na mwandishi wenu ametoka wapi, basi? Nadhani amechanganya na Truckee. Huo ndio mto pekee unaotoka katika Ziwa Tahoe, na ni jina pia la mji ulio kaskazini mwa ziwa. Truckee alikuwa mtu kweli, kiongozi wa Wapaiute, majirani wa Wawasho, aliyewaonyesha njia wahamiaji weupe katika miaka ya 1840, na mjukuu wake, Sarah Winnemucca, alikuja kuwa mtetezi mashuhuri wa haki za watu wake. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa mto na ziwa ni vya maji yale yale.

Kosa la bonde halieleweki kirahisi hivyo, na ndilo hasa lililoniketisha niandike.

Ukitoka Truckee kuelekea kusini, barabara inafuata mto, misonobari pande zote mbili, na baada ya kilomita kama 15 unafika njiapanda ya kulia penye mnara wenye duara tano za Olimpiki. Huko ndani kuna bonde lenye uwanda wa nyasi katikati na milima iliyosimama kama ukuta. Kisimulizi kinachorudiwa mara nyingi ni kwamba wahamiaji weupe walioingia bondeni katika miaka ya 1850 waliwakuta wanawake na watoto wa Kiwasho wakifanya kazi uwandani, wanaume wakiwa wamekwenda kuwinda, na kwa hayo waliyoyaona wakalipa bonde jina la squaw.

Neno hilo si la Kiwasho. Lina asili katika lugha za kundi la Algonkini, zinazozungumzwa na wenyeji wa pwani ya mashariki ya Marekani, maelfu ya kilomita kutoka hapo, na huko asili yake ni mwanamke, kweli, bila ubaya wowote. Wazungu walilichukua kutoka kwao tangu karne ya 17, wakalibeba kuelekea magharibi kadiri walivyozidi kuteka ardhi, wakalitupia kila mwanamke mwenyeji waliyemkuta, wa kabila lolote na lugha yoyote. Njiani likageuka. Mwanamke wa Kizungu aliitwa mwanamke, bibi au mke wa fulani; mwanamke mwenyeji akaitwa hivyo, na ndani ya neno hilo ikawekwa maana ya kiumbe cha kutumikishwa, kununuliwa, kuchezewa na kutupwa. Kwa hiyo kuwaambia wasomaji kwamba Wawasho ndio waliolitoa jina ni kuwabebesha tusi walilotukanwa.

Wapo wanaosema kwamba neno likiwa na asili safi halina ubaya, na ninajua hata hapa nchini wapo watakaosema hivyo. Kwao natoa mfano wa nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika nyumba ya mlowezi mmoja mwenye shamba la mkonge huko Tanga, kabla ya uhuru. Huko alikuwa boi. Asili ya neno hilo katika Kiingereza ni mtoto wa kiume, na hakuna asili safi kuliko hiyo. Lakini babu alikuwa na ndevu za mvi na wajukuu wanne, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake bila kutanguliza Mzee, wakati kule jikoni mtoto wa mlowezi, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Boi, maji!" Alitusimulia hayo mara moja tu. Alipofika kwenye neno lenyewe alilitamka polepole, akaweka kikombe cha kahawa chini, akanyamaza mpaka mama akabadilisha mazungumzo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nani angemfuata mzee yule kumweleza asili ya neno?

Na ili ionekane ni wanawake wa namna gani waliofunikwa na neno lile, nitamtaja mmoja. Louisa Keyser, anayejulikana zaidi kwa jina la Dat So La Lee, alikuwa Mwasho na mfumaji wa vikapu, aliyefariki mwaka 1925. Wakati wa kiangazi alikuwa akifumia Tahoe City, kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka bonde hilo, mbele ya duka la mfanyabiashara aliyeuza kazi zake kwa watalii. Niliwahi kukiona kikapu cha ufumaji huo ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho, nikakizunguka mara tatu. Ni cha mviringo, kinatanuka kutoka kitako chembamba kisha kinajikunja kuelekea mdomo mdogo, kama chungu cha kutilia maji. Kimefumwa kwa nyuzi za mti uotao kando ya mto zilizochanwa na kupunguzwa kwa ukucha na kisu hadi zikawa nyembamba kama uzi wa kushonea, na alama nyeusi na nyekundu zinapanda kwa mpangilio ambao hautetereki popote. Bibi yangu upande wa baba alisuka mikeka na najua mkono unachoka wapi. Mikono ile haikukosea. Leo vikapu vyake vinatunzwa katika majumba ya makumbusho na kuthaminiwa kwa fedha nyingi sana, na yeye mwenyewe alipotembea barabarani, neno aliloitwa na mpita njia yeyote lilikuwa lile lililoandikwa kwenye bonde.

Kituo cha kuteleza kwenye theluji kilifunguliwa bondeni mwaka 1949. Wayne Poulsen ndiye aliyeliona bonde mapema na kununua ardhi, na Alexander Cushing, mwanasheria kutoka New York, akaleta fedha na ushawishi, kisha wawili hao wakatengana. Mwaka 1955 Cushing alikwenda Paris mbele ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki akiwa na kituo chenye lifti moja ya viti, kamba mbili za kuwavuta watu mlimani na nyumba ya wageni ya vyumba 50, akaushinda mji wa Innsbruck wa Austria kwa kura 32 kwa 30. Michezo ilifanyika kuanzia tarehe 18 hadi 28 Februari 1960, wanariadha kutoka nchi 30 wakashiriki, na televisheni ikalitangaza jina la bonde Marekani kote. Hayo mwandishi wenu ameyaeleza vizuri na sina la kuongeza, ila kwamba kutoka siku hiyo jina likawa bidhaa. Likachapwa kwenye fulana, kofia, vikombe na tiketi, na watu wakalipenda kwa mapenzi ya kweli, kwa sababu humo ndimo walimojifunza mchezo wakiwa watoto, wakiwa wameshikwa mkono na baba zao. Wawasho walipolalamika, na walilalamika kwa miaka mingi, jibu lilikuwa kumbukumbu hizo.

Mwezi Agosti mwaka 2020, Marekani ikiwa katika maandamano makubwa dhidi ya ubaguzi, uongozi wa kituo ulitangaza kwamba, baada ya kufanya utafiti wa historia na kushauriana na Wawasho, umeridhika kuwa jina hilo ni tusi na litaondolewa. Tarehe 13 Septemba 2021 likatangazwa jina jipya, Palisades Tahoe. Sehemu ya kwanza inatokana na magenge ya mawe yaliyosimama wima juu ya milima ya hapo, ambayo watelezaji hodari hushuka kupitia nyufa zake. Jina hilo sasa linabeba pia mlima jirani wa Alpine Meadows, ulio chini ya mmiliki yuleyule. Binafsi naona magenge ni jina lenye tahadhari mno, la mtu anayeogopa kumkosea yeyote, na ningefurahi zaidi kama wangeomba jina kwa Wawasho. Hata hivyo sehemu ya pili ni Tahoe, kwa hiyo kampuni ya mchezo wa matajiri inalazimika kutamka neno la Kiwasho kila inapojitaja, hata kama ni kwa ulimi uliopinda.

Serikali nayo ikafuata. Novemba mwaka 2021, Deb Haaland, mwenyeji asilia wa kwanza kuwa waziri katika serikali kuu ya Marekani, ambaye wizara yake ilisimamia ardhi za umma, alitoa amri kwamba neno lile ni la kudhalilisha na liondolewe katika majina yote ya kijiografia yaliyo chini ya serikali kuu. Yeye mwenyewe ni mwanamke wa Laguna Pueblo, na ndiye aliyetia sahihi. Septemba mwaka 2022 bodi inayohusika na majina hayo ikaidhinisha majina mapya karibu 650 nchini kote. Bonde likawa Olympic Valley, jina ambalo posta ya hapo ilikuwa ikilitumia kwa miongo mingi, na kilele kilicho juu yake pamoja na kijito kinachopita uwandani vikapewa jina la Washeshu, ambalo ni jina la Wawasho kwa lugha yao wenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mwandishi wenu alikuwa na njia nyepesi kabisa ya kuandika jambo hili: michezo ya mwaka 1960 ilifanyika Olympic Valley, California, bonde ambalo wakati huo liliitwa Squaw Valley, katika kituo ambacho leo ni Palisades Tahoe. Ni maneno machache, na hayafichi historia. Sisemi jina la zamani lisichapishwe kabisa. Nyaraka za Olimpiki zinalo, medali zinalo, na mwanafunzi anayetafuta habari za 1960 lazima alijue ili azipate. Gazeti lenu likitaja Ziwa Turkana katika habari za miaka ya 1930 hueleza kwamba liliitwa Rudolf hadi mwaka 1975, na likitaja Kilele cha Uhuru hueleza kwamba Wajerumani walikiita kwa jina la mfalme wao. Utaratibu huo mnao tayari. Hapa haukutumika tu.

Naomba pia mliangalie upya neno "Wahindi Wekundu". Najua limo katika kamusi na vitabu vyetu vya shule, na mimi mwenyewe nililisoma darasani na kulitumia miaka mingi bila kufikiri. Lakini lilianza na Columbus kudhani amefika Uhindi, likaongezewa rangi ya ngozi, na sisi tumelitafsiri kosa lake kama lilivyo, ilhali tunao majirani wa Kihindi mtaani wanaojua vizuri kwamba hawana undugu na mtu wa Nevada. Pale kabila linapojulikana, liandikwe kabila: Wawasho, Wapaiute, Wanavajo. Pale lisipojulikana, wenyeji asilia wa Amerika inatosha.

Naomba masahihisho haya yachapwe katika ukurasa uleule wa michezo, hata kwa mistari michache, kwa sababu wanaosoma ukurasa huo si lazima wafike kwenye barua za wasomaji. Makala yenu bado iko ubaoni na mistari yangu mitatu myekundu, na wanafunzi wa kidato cha pili wamenikumbusha mara mbili kuuliza kama gazeti limejibu. Nimeacha nafasi pembeni yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Mwanza.